Bomba la lita 60 kwa vishamba vya wanyamapori: zuri, ila lipime mwenyewe kwanza

Wiki ya sita baada ya kupanda, shamba langu la klova, jani la malisho, lilikuwa na mistari kama ubavu wa punda milia. Mstari wa klova changa, mstari wa nyasi, klova tena, nyasi tena, kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Mistari ilinyooka kiasi kwamba sikuhitaji kuuliza imetoka wapi. Ilifuata njia aliyopita shemeji yangu na pikipiki yake ya magurudumu manne, akivuta bomba langu jipya la kupulizia dawa, nami nikitembea nyuma nimeridhika kabisa.

Huo ulikuwa msimu uliopita. Msimu huu tumepulizia shamba lile lile kwa bomba lile lile. Nyasi zimekufa zote, ukingo hadi ukingo, na dawa iliyotumika imepungua kwa theluthi moja hivi. Nimeona niandike sasa, baada ya misimu miwili, kwa sababu ningeandika baada ya msimu wa kwanza ningelilaumu bomba kwa mengine yasiyokuwa yake.

Kazi yenyewe ni hii. Nina vishamba viwili ninavyolima kwa ajili ya wanyama wa porini. Kikubwa kina urefu wa mita 70 na upana wa mita 57, karibu ekari moja. Humo napanda klova na kunde, paa na sungura wapate jani bichi. Kidogo ni kama robo ekari, na ni cha ndege: mtama na alizeti, basi. Sivuni chochote. Kabla ya kupanda lazima niue nyasi zinazotambaa, maana mbegu ya klova ni ndogo kuliko punje ya mchanga mnene na haiwezi kushindana na nyasi zilizokwisha kushika ardhi. Miaka yote nilitumia bomba la mgongoni la lita 16. Kwa kile kishamba cha ndege linatosha, na bado nalitumia. Kwa ekari moja mabega yalikuwa yananiuma siku tatu.

Basi nikanunua hili: tangi la plastiki la lita 60, pampu ya kiwambo (utando unaosukuma maji) ya umeme wa volti 12, bawa, yaani mhimili wa mlalo, lenye nozeli tatu za kunyunyizia zilizoachana kwa sentimita 50, na mpira wa mita 4 na nusu wenye fimbo ya mkono. Sitalitaja jina. Mabomba ya aina hii yanafanana kama mayai, na nitakayoyasema yanahusu karibu yote.

Tangi ni zuri. Plastiki nene, mdomo mpana unaoingiza mkono mzima kwa kusafisha, na shimo la kumwagia maji liko chini kabisa, hivyo halibaki tone. Kasoro yake ni mistari ya lita iliyochorwa ubavuni. Nilijaza kwa ndoo niliyokwisha kuipima, na mstari wa 40 ukafikiwa nilipokuwa nimemimina lita 43. Nikapanga mistari yangu kwa kalamu ya wino usiofutika, kila lita 5, tangi likiwa limekaa sawasawa juu ya tela. Ni kazi ya nusu saa ambayo hutairudia tena.

Pampu nayo ni nzuri, ingawa niliidharau mwanzoni. Ilikuwa ikiguna na kusita kama mtu mwenye pumu. Nilidhani kiwambo kimepasuka. Nikachukua mita ya umeme: kwenye betri, pampu ikifanya kazi, volti 12.4, kwenye pampu yenyewe, volti 10.8. Zaidi ya volti moja na nusu zilikuwa zinapotelea njiani, ndani ya waya mwembamba kama uzi wa kushonea gunia na vile vibano vya meno vinavyouma ncha za betri. Nikaweka waya wa milimita 4 za mraba, nikaufunga kwa skrubu kwenye betri, na fyuzi ya ampea 15 kwenye waya chanya karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote usije ukawasha moto. Sasa pampu inapata volti 12.2 na inanguruma sauti moja. Kwangu hii ndiyo aibu kubwa ya kifurushi chote. Mtengenezaji ametoa pampu ya maana, kisha akaibania waya.

Nije kwenye nozeli, kwa sababu hapo ndipo klova yangu ilipopotelea.

Karatasi ya maelekezo ilisema tangi moja linatosha mita za mraba 4,000. Niliamini. Nikachanganya dawa ya mita za mraba 4,000 ndani ya lita 60, tukaanza. Dawa ikaisha tukiwa tumemaliza theluthi mbili ya shamba. Shemeji akasema labda tumepishanisha njia. Nikachanganya nusu tangi nyingine, tukamalizia. Sikufikiri zaidi. Ilinibidi nifikiri, maana dawa kuisha mapema kuna maana moja tu: ardhi ile imenyweshwa sumu kuliko kipimo cha lebo. Na ile ni ardhi ya kulishia. Anayepanda mahindi ya kuuza anaweza kuhesabu dawa iliyozidi kama fedha iliyopotea. Mimi nawaandalia meza viumbe wasioweza kuniuliza nimeweka nini ndani yake, na jambo hili lilinikosesha usingizi kuliko mbegu zilizokufa.

Kabla ya msimu huu niliweka tangi maji matupu, nikatandika jagi tatu chini ya nozeli tatu, binti yangu akashika saa. Dakika moja kamili. Nozeli ya kushoto ilitoa lita 1.15. Ya katikati 0.9. Ya kulia 1.4. Tukarudia mara tatu, majibu yakawa yale yale. (Jagi hizo hazikurudi jikoni. Zimeandikwa na zinakaa na bomba.)

Nozeli zilizokuja na bomba zilikuwa za plastiki nyekundu, hazina namba wala jina. Watu wengi hawajui kwamba rangi za nozeli zina maana. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 10625, kinachofunga rangi na kiasi cha maji: ya machungwa ni 01, kijani ni 015, njano ni 02, buluu ni 03, nyekundu ni 04. Njano ya 02 hutoa karibu lita 0.8 kwa dakika kwenye presha ya bar 3 (bar ni kipimo cha presha), na nyekundu ya 04 hutoa mara mbili ya hiyo. Nyekundu zangu zilikuwa nyekundu kwa sababu plastiki iliyokuwapo kiwandani ilikuwa nyekundu. Ukinunua nozeli, soma namba iliyochongwa usoni mwake. Isipokuwa na namba, iache dukani.

Nilinunua tatu za njano zilizoandikwa 110-02. Ile 110 ni pembe ya upana wa maji yanapotoka, nyuzi 110. Nikaweka pia geji ya presha, kwa kuwa bomba halikuja nayo, na mpira wa kurudisha maji ndani ya tangi wenye valvu. Pampu hii hutoa lita 8 kwa dakika, nozeli zangu tatu zinahitaji lita 2.4 tu. Bila njia ya kurudi, swichi ya presha ndani ya pampu huwasha na kuzima kila sekunde, na sindano ya geji hucheza kama mkia wa mbuzi. Maji yakipata njia ya kurudi, presha inatulia, na yale yanayorudi yanakoroga dawa tangini. Nafunga valvu taratibu hadi geji isimame kwenye 3, kisha siigusi.

Nasisitiza kutoigusa. Nimeona watu wakiongeza presha wakidhani wanaongeza dawa. Ili maji yaongezeke mara mbili presha inabidi ipande mara nne. Unachopata kabla ya kufika huko ni matone yaliyopasuka kuwa ukungu, na ukungu huenda upepo unakotaka. Ukihitaji maji zaidi, badilisha nozeli au punguza mwendo.

Mwendo nao tuliupima. Shamba langu halina mita 100 zilizonyooka, kwa hiyo tulipigilia vigingi viwili kwa umbali wa mita 50, palepale shambani kwenye matuta na mashimo yake, maana mwendo wa barabarani hauna msaada hapo. Tangi likiwa nusu. Shemeji alipita mara ya kwanza kwa sekunde 22.

"Shemeji, punguza."

Akapita kwa 27. Kisha 30. Sekunde 30 kwa mita 50 ni kilomita 6 kwa saa. Akaweka alama ya kalamu kwenye kishikio cha mafuta mahali kidole gumba kilipokuwa, akachagua gia ile ile kwa kazi nzima. Msimu wa kwanza alikuwa akienda kwa hisia, akiongeza kwenye tambarare na kupunguza kwenye mabonde, na kila alipopunguza mwendo kwa nusu, ardhi ile ilipata dawa mara mbili.

Hesabu ni fupi. Chukua lita zinazotoka kwenye nozeli moja kwa dakika, zidisha kwa 600. Chukua mwendo kwa kilomita, zidisha kwa nafasi kati ya nozeli kwa mita. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Kwangu ni 0.8 mara 600, yaani 480. 6 mara 0.5, yaani 3. Jibu ni lita 160 kwa hekta. Kwa hiyo tangi la lita 60 linatosha mita za mraba 3,750, na si 4,000 za kwenye karatasi. Mita za mraba 240 zilizobaki nazichanganyia lita 4 pekee mwishoni. Ukiweka zile nyekundu kwenye hesabu hiyo hiyo, kwa wastani ninapata lita 230 kwa hekta, na chini ya nozeli ya kulia 280. Mchanganyiko ulikuwa wa lita 150. Nimeiandika kwenye daftari na kuipigia mstari.

Mistari ya punda milia nayo ilitoka kwenye kimo. Kishikio cha bawa kimetobolewa tundu moja tu, na kikifungwa nozeli zinakaa sentimita 50 juu ya ardhi. Inaonekana sawa. Lakini nyasi zangu zilikuwa na kimo cha sentimita 20, na kinachohesabiwa ni umbali hadi kwenye ncha za magugu unayoyaua. Nilibakiwa na 30. Nozeli zile nyekundu nilizipima kwa kupulizia ukutani, pembe yake ni kama nyuzi 80. Kwa kimo cha sentimita 30, maji ya kila moja yanatanda nusu mita tu, yaani kingo zinagusana bila kupishana. Na kwenye kingo maji huwa machache siku zote. Pale ndipo nyasi zilipopona, mstari baada ya mstari. Nilitoboa tundu mbili zaidi juu ya kishikio, na sasa nozeli zinakaa sentimita 50 juu ya nyasi, maji ya moja yanafunika zaidi ya nusu ya maji ya jirani yake. Nozeli zenyewe nimezigeuza kidogo, kama nyuzi 10, zisipigane usoni.

Kama hujui kama umefaulu, pita na maji matupu juu ya sakafu kavu ya saruji uangalie inavyokauka. Mahali panapokauka mapema ndipo dawa yako ni haba.

Maji niliyatoa kijitoni msimu wa kwanza, ya rangi ya chai. Hilo nalo lilikuwa kosa. Ninatumia glaifoseti, dawa inayoua karibu kila mmea wa kijani na iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, na tabia yake moja ni kung'ang'ania chembe za udongo. Ikishikwa na udongo haifanyi kazi tena. Ndiyo sababu unaweza kupanda baadaye ardhini palepale, na ndiyo sababu maji ya matope huiua dawa kabla haijagusa jani. Maji magumu yenye kalsiamu nyingi huidhoofisha pia. Sasa natumia maji ya mvua niliyoyakinga. Nusu tangi la maji kwanza, kisha dawa, kisha maji mengine. Lebo ikisema lita 3 kwa hekta, tangi langu linabeba lita 1 na mililita 125, na hiyo naipima kwa kikombe chenye mistari, glavu mkononi na miwani usoni. Mchanganyiko sitautia kamwe kwenye ndoo ya bati lililopakwa zinki. Glaifoseti hula zinki na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka.

Siku moja kabla ya kupulizia natembea shamba zima kwa miguu, njia kwa njia. Msimu huu nilikuta kiota cha kware, mayai 9 ndani ya shimo dogo chini ya kishungi cha nyasi. Nilipigilia vigingi vinne kukizunguka, tukaacha duara la mita 3 bila tone. Kuzunguka duara nilitumia ile fimbo ya mkono, na hapa naisifu kwa moyo: mpira unafika, kitufe hakivuji, na nozeli yake inazungushwa hadi itoe matone mazito yanayoanguka pale pale. Kando ya kijito niliacha ukanda wa mita 10 pia, kwa sababu baadhi ya dawa hizi zimechanganywa na sabuni inayodhuru vyura na samaki kuliko dawa yenyewe. Siku ya kumi na moja nilikuta maganda tu kiotani, yamekatwa kama kofia upande mnene, jinsi kifaranga anavyotoka akiwa mzima. Nilikaa pale muda mrefu.

Tulipulizia asubuhi umande ulipokwisha kukauka, upepo wa kutikisa majani tu. Asubuhi isiyo na upepo kabisa siitaki, kwa maana hewa baridi inalala chini na ukungu wa dawa unaelea nayo hadi usikotarajia. Kisha nikasubiri siku 14, dawa ishuke hadi mizizini, ndipo nikakwaruza udongo juujuu na kupanda.

Kusafisha ni rahisi kwa ule mdomo mpana. Maji safi mara tatu, kila mara nayapulizia kwenye shamba lile lile hadi nozeli zitoe hewa. Machujio mawili, la kwenye mpira wa kuvuta na yale madogo nyuma ya nozeli, nayasugua kwa mswaki wa zamani. Sitii waya kwenye tundu la nozeli na siipulizi kwa mdomo. Maunganisho mawili yalivuja siku ya kwanza, nikayazungushia tepu ya tefloni. Nozeli zilikuwa zikidondosha kila tulipozima pampu mwisho wa njia, na kila tone lilichoma duara ardhini. Nikanunua vifuniko vyenye kiwambo kinachojifunga presha ikishuka, udondoshaji ukaisha.

Je, ningelinunua tena? Ndiyo, kwa shamba la kuanzia nusu ekari hadi mbili. Chini ya hapo bomba la mgongoni linatosha. Juu ya hapo utachoka kujaza, bawa la mita moja na nusu ni jembamba, tafuta kubwa. Tangi na pampu vimestahimili misimu miwili bila kunisumbua. Waya, nozeli na kishikio cha bawa vilivyokuja nalo havifai, hivyo weka fedha ya kuvibadilisha kando tangu siku unayolilipia. Mtu wa dukani aliniambia liko tayari kutumika. Halikuwa tayari, na sidhani kama alikuwa amewahi kuliwasha.

Klova sasa ina kimo cha vidole vinne, imefunga ardhi. Nyasi chache zilizoota upya nitazifuata kwa fimbo ya mkono na dawa inayoua jamii ya nyasi peke yake, kabla klova haijachanua, nyuki wasije wakakuta dawa ingali mbichi. Jana nimetandika jagi tena: 0.80, 0.82, 0.81. Moja ikifika 0.88, yaani asilimia 10 juu ya mpya, imelika, na zinatoka zote tatu. Za akiba nimezifunga kwenye mfuko ndani ya boksi la fyuzi.